Swali la Kumi na Moja

Gari lilikuwa palepale nilipoliacha,
ubavuni mwa ukuta wa kiwanda cha barafu, Tudor.
Halijagongwa, halijasogea hata kidole,
ila lilikuwa limeandikwa,
kwa msumari, kutoka kitasa cha dereva hadi taa ya nyuma:
LIPA KWANZA.

Kunguru wawili ukutani
walinitazama kama mashahidi wasiotaka kuitwa kortini.

Miaka sita nilikata bima ile nyembamba,
ya mtu wa tatu,
inayomlinda kila mtu isipokuwa mimi:
mwenye tuktuk nitakayemgonga Makupa,
mwenye ukuta, mwenye mbuzi, mwenye mguu.
Mimi ningeungua, ningeibiwa,
ningezamishwa na mvua ya Mei hadi usukani,
pole, na kwaheri.

Mwaka huu nikajikaza, nikakata kubwa.
Nilufa, ofisini kwao Barabara ya Nkrumah,
alinisomea vifungu kwa ncha ya kalamu:
"Moto, umo. Wizi, umo. Mafuriko, yamo.
Nazi hawakuitaja, wameandika 'kitu kiangukacho',
lakini nazi ni kitu, na huanguka.
Mwenye chuki na wewe, yumo.
Ghasia za siasa, hizo uongeze kidogo."
Nikacheka: kumbe chuki nayo ina bei?
"Ina ziada," akasema, bila kucheka.
"Elfu kumi na tano za mwanzo ni zako.
Zinazobaki ni zetu."

Akaja mkaguzi, Bwana Mwakio, na kamera na tochi mchana.
Akapitisha ukucha ndani ya L.
"Imefika kwenye bati. Gari lilikuwa limesimama?"
Limesimama.
"Hakuna jingine lililoligusa?"
Hakuna.
"Basi si ajali," akasema,
kwa sauti ya daktari anayeleta habari njema.
"Ni makusudi. Makusudi tunalipa."

Akaniachia fomu.
Jina. Namba ya chesisi. Namba ya ripoti ya polisi.
Swali la kumi: uligundua saa ngapi?
Saa kumi na mbili na robo.
La kumi na moja:
je, unamjua aliyefanya?

Itazame Z ile.
Imekatwa kiunoni kwa kistari.
Baba alikuwa karani wa makasha Kilindini;
alitufundisha kuikata Z isije ikasomwa mbili,
maana tarakimu moja, alisema, hula mshahara mzima.
Tudor yote hakuna aandikaye Z hivyo
ila mimi,
na Famau.

Na zile elfu arobaini na mbili nilizomhesabia Nilufa
zilikuwa za Famau. Nilikuwa nimemwahidi Ijumaa.
Nikaona nijikinge kwanza,
na adui,
na nazi.

Nilimpigia Nilufa, nikauliza kama mtu anayemuulizia jirani.
"Ukimtaja," akasema, "tunakulipa wewe,
kisha tunakwenda kumdai yeye, mahakamani ikibidi.
Ukisema humjui, tunalipa, basi.
Ukidanganya tukajua, bima yote imekufa."
Akangoja. Feni yake niliisikia.
"Kwani unamjua?"
Nikasema mtandao unakatika.

Mtu wa kwanza ni mimi. Wa pili, kampuni.
Wa tatu, yeyote yule barabarani.
Mtoto wa mama yangu wanamhesabu wa ngapi?
Nimevisoma vifungu vyote, na vile vya herufi za mchwa.
Hayumo.

Leo siku ya nne. Fomu iko juu ya dashibodi, jua linaikunja.
Kwenye foleni ya feri watu huusoma ubavu wangu kwa sauti;
wanadhani ni sharti la teksi.
Jana mama mmoja wa Likoni, kabla hajaketi,
alinyoosha mkono, akanipa mia tatu.
"Si umeandika mwenyewe?" akasema.

Nimeziweka kando.
Ni za Famau.