Jalada Liko Sanawari

Santuri ninayo mimi. Jalada analo Bi Akyoo.
Ndiyo kesi yote, na haina hakimu.

Niliipata Kiboriloni, Jumanne ya manyunyu,
katikati ya belo la makoti ya baridi:
sahani nyeusi, uchi, imeviringwa kwenye sweta la mtoto.
Mama Aikande akaigonga kwa ukucha,
akaniuliza ni mfuniko wa chombo gani.
Nikasema, sijui, mama.
Nilijua. Magoti yalijua.
Akaniuzia kwa bei ya malimau matatu.

Roki haina watu wengi huku kwetu.
Tukijihesabu Moshi nzima, na Himo ukiongeza,
hatujazi benchi la kanisa:
fundi saa wa Double Road,
mwalimu wa hesabu mwenye sikio moja zima,
kijana wa Shirima anayenunua chochote chenye picha ya fuvu,
na mimi, karani mstaafu wa ghala la kahawa.
Kila santuri ya mji huu tunaijua kwa makovu yake.
Hii ilikanyagwa na mbuzi. Ile ilipinda
siku ilipoanikwa na shemeji, kwa nia njema.
Hazizaliwi nyingine. Zinahama tu, nyumba hadi nyumba,
kama ng'ombe wa mahari,
na kila zinapohama hupungua nyama.

Bi Akyoo aliuguza watu miaka thelathini Arusha.
Mgonjwa mmoja, mzungu wa mashamba, alimwachia jalada tupu:
farasi mwekundu amesimama juu ya maji,
na ndani maneno ya nyimbo zote, herufi za sisimizi.
Miaka kumi na minne mimi nayasikia maneno hayo kwa kubahatisha.
Miaka kumi na minne yeye anayasoma bila sauti.

Nimempa bei. Amecheka.
Amenipa bei. Nimekohoa, nikaomba chumvi.

Basi kila Jumatatu ya Pasaka naondoka Moshi
na santuri ndani ya foronya, nimeipakata wima.
Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa:
kila tuta nalisikia mgongoni mwake.

Ananawa. Nami nanawa.
Tunaivisha. Inaingia kwa mlio mdogo, kama pumzi ya aliyelala.
Tunaitazama hivyo kwanza, imevaa,
wala hatuongei.
Kisha tunaivua, kwa sababu lazima, na kuweka sindano.

Mwaka huu, upande wa pili, umeme ukakatika.
Mwimbaji akaanza kuzama: sauti ikanenepa,
ikawa ya mzee, ikawa ya ng'ombe,
ikawa kimya.
Bi Akyoo, macho kwenye jalada, akaendelea alipoishia yule,
mstari kwa mstari, kwa Kiingereza chake cha wodini,
sauti ileile ya kusomea joto la mgonjwa.
Nilikuwa namfuata kwa midomo
mpaka pale ambapo siku zote huwa nasikia mvua.

Akasoma treni.

Nikamwomba arudie. Treni.
Na mimi nimeshailia ile mvua,
nimeilia usiku wa msiba wa kaka yangu,
sebuleni, sauti chini, watoto wasiamke.
Jirani zangu ni reli yenyewe, na sijawahi kuililia treni.

Nikamwambia jalada limekosea.

Akaniambia kama ni hivyo, nipandishe bei.