Dirisha la Tatu

Leo wamefungua mlango wa mbele, hapa Entebbe,
jengo la serikali lenye mabati mekundu na veranda ndefu.
Foleni tangu saa mbili, wanafunzi na soksi zao nyeupe;
polisi anapekua mikoba, anatabasamu kama aliyeagizwa.

Mama haijui foleni hii.
Ananivuta kando, upande wa jikoni,
kwenye kijimlango alichokipita miaka kumi na tisa.
"Kimefungwa, jaja. Leo mnapita mbele."
Anamtazama polisi kana kwamba ametukanwa.

Kizingitini anavua viatu.
Atuhaire, kijana wa tai ya bluu anayetuongoza,
anainama: "Mama, hakuna haja."
"Wewe hujui sakafu hii imekunywa nta kiasi gani."

Tunaonyeshwa kiti cha gavana nyuma ya kamba,
kidau cha wino uliokauka, kengele ya shaba,
picha za Wazungu waliokumbatia kofia zao.
Atuhaire ana mwaka wa kila kitu,
inamtoka kama mbegu za papai.
Mtoto mmoja anauliza choo kiko wapi.

Mama haangalii kuta. Anaangalia chini.
Hapa palikuwa na benchi la matarishi:
ona, miguu yake imechimba vishimo vinne.
Hapa kopo la nta lilipasuka.
Na hapa,
anagusa ubao kwa kidole gumba cha mguu,
"hapa uchungu wako ulinishika.
Nikamaliza korido kwanza."

Nina miaka hamsini na mmoja.
Hakuwahi kuniambia.
Naitazama korido: ndefu, inang'aa
mpaka kule mwisho ambako ziwa linaonekana kidogo,
na sijui nisimame wapi.

Yeye keshapita. Yuko dirishani,
anapitisha kidole chini ya fremu, anakinusa.

Mlangoni kuna kitabu cha wageni.
Waliotutangulia wameandika: Pazuri sana.
Wameandika: Mungu ibariki Uganda.
Mama ananipa kalamu, mkono wake juu ya karatasi
nisije nikaruka neno:
"Dirisha la tatu bado linavuja.
Nilisema tangu zamani. Wekeni ndoo."

Kisha, "Andika na jina. Jina lote."

Naandika: Bakhita binti Farajallah, wa Bombo.
Kijisanduku hakitoshi;
linamwagikia pa jirani.