Nane kwa Kumi

Kwenye boksi wameandika: kupinda, nane kwa kumi.
Nane ya nini, Verlin?
Inchi? Mbao? Machozi?

Verlin Niemi hana haraka ya kujibu.
Anafuta keekee yake kwa kitambaa.
Nje, Duluth imefukiwa na theluji ya Februari,
humu ndani matufe yamepangwa rafuni:
la zambarau lenye moshi tumboni,
la buluu lililofifia kama ubao wa darasa,
na moja jekundu, linang'aa kama pipi iliyolambwa.
Hilo ndilo lililoniita tangu mlangoni.

Uzuri wa mkakasi, najua.
Ila humu ndani si kipande cha mti,
ni kiini kilichochongwa kama pea iliyolala ubavu,
kizito upande mmoja, chenye nia yake.
Nia hiyo siioni. Naonyeshwa ganda,
naonyeshwa namba, naonyeshwa bei.
Mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe la hariri.

"Hiyo nane," anasema hatimaye,
"ilipimwa na mkono wa chuma, Arlys.
Mkono ambao chini yake hakuna goti lililopasuliwa.
Na njia ilikuwa imepakwa mafuta dakika ile ile.
Si Alhamisi saa tatu usiku,
Bonita na timu yake wameshayakokota yote
mpaka miguuni pa pini."

Kisha anaomba tufe langu kuukuu.
Analigeuza chini ya taa,
anafuata kwa ukucha pete za mafuta yaliyokauka,
mikwaruzo iliyosongamana mahali pamoja, karibu na tundu la gumba.
"Unatupa taratibu. Mkono wako hauzungushi sana.
Na gumba linachelewa kutoka."
Miaka kumi na tisa nacheza
na hakuna aliyewahi kunisoma hivyo,
hata daktari wa goti.

Mimi nimeendesha basi la shule
kwenye vilima vya mji huu, majira ya baridi ishirini na sita.
Barafu naijua.
Unakata usukani, basi linaendelea mbele,
watoto wananyamaza wote kwa pamoja,
na wewe huna la kufanya ila kungoja gurudumu lishike.
Likishika mapema, unapanda ukingo.
Likichelewa, Mungu akusaidie.
Kwa hiyo usiniambie linapinda kiasi gani, Verlin.
Niambie linashika wapi.

Anacheka. "Linalong'aa hukawia," anasema.
"Huteleza limenyooka, limenyooka, limenyooka,
unadhani limekusahau,
halafu huko mwisho linakata kona ghafla."

Nikamkumbuka Roald.
Miaka thelathini amenyooka,
chakula saa kumi na mbili, soksi zimekunjwa kwa jozi,
halafu Arizona.
Naye sikupewa chati yake.

Nikalirudisha jekundu rafuni.
Si kwa hasira. Nililipapasa kwanza.

"La buluu je?"
"La buluu lina ganda kavu. Linaanza kugeuka mapema, polepole,
kama mtu anayekuaga kabla hajavaa koti."
Lakini bado hataki pesa yangu.
Anainama chini ya kaunta, anatoa lake mwenyewe,
buluu ile ile, limechubuka, matundu yamezibwa na kutobolewa upya,
vidole vya mtu mwingine karibu sawa na vyangu.
"Njia ya saba. Mafuta yake ni ya jana.
Tupa mara ishirini, tano za kwanza usizihesabu."

Viatu vya kukodi, namba nane. Hata hivyo nane.
Goti linalalamika hatua ya tatu.
Naliachia,
linakwenda kandokando ya mtaro, linakwenda tu,
na mimi nimesimama mkono hewani,
vidole vimekunjika kama vimeshika usukani,
nangoja lishike.