Kati ya Malaki na Mathayo

Katika Biblia ya baba, kati ya Malaki na Mathayo,
pana ukurasa usio na hata neno moja la nabii.
Mchungaji husema hapo mbingu zilinyamaza miaka mia nne.
Baba hakupenda karatasi nzuri ikae bure.

Ameandika humo kwa penseli, herufi za darasa la nne:
kuzaliwa kwa Ndimyake, kuzaliwa kwangu,
deni la mbolea kwa Mwaisumo, limelipwa, limepigwa mstari.
Na mwaka ule wa bei ya nguzo:
Mikaratusi mia mbili na kumi, pale chemchemini.

Chini yake, kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka:
Ndoo, dakika moja.
Ndoo, dakika moja na nusu.
Ndoo, dakika tatu.

Nilidhani ni mambo ya maziwa.
Hata siku nilipoteremka na ndoo ya lita ishirini,
nikasimama, saa ya simu mkononi,
ukungu wa Rungwe ukinipanda magotini,
mvua ya jana ingali ikidondoka kwenye migomba
na mwanzi wa chemchemi ukitoa uzi.
Huku kwetu mvua haijui kalenda.
Kukosa maji ni aibu, kama mpishi kulala njaa.

Dakika tisa.

Nikaurudia ukurasa. Mstari wake wa mwisho,
mkono umeshaanza kutetemeka:
Tisa. Nimeona. Atupele asome hapa.

Mjini wakili ni mtu wa joho jeusi,
unamlipa aseme shamba ni lako.
Kanisani wakili ni yule atakayeitwa siku moja
aseme shamba halikuwa lake,
na alilifanya nini.
Neno ni lile lile. Nililichekea njia nzima,
kisha kicheko kikaniganda.

Nikampigia Ndimyake, yuko Tunduma na malori.
"Ngoja miaka miwili," akasema, "ifike unene wa nguzo.
Mungu ana mpango wake, maji yatarudi."
Nikamwambia mpango huo naujua huku na huku:
unaanzia bustanini, mtu kakabidhiwa udongo
kabla hajakosa lolote, maana kazi haikuwa adhabu;
unaishia mtoni, ng'ambo hii mti, ng'ambo ile mti.
"Sasa niambie, kaka, hapa katikati
ule mto unapita kwa nani?"
Simu ikakaa kimya.
Halafu akauliza kama msumeno bado upo.

Tulikata siku nne. Kisiki cha mkaratusi ni kikaidi,
ukikiacha, wiki ya pili kinakuchipulia usoni;
tukachimba mpaka mizizi. Ada ya Lusajo muhula ule
ililipwa kwa viazi, na kidogo kwa aibu.
Tukapanda mivengi, midogo kama vidole,
ambayo kivuli chake sitakikalia.
Tusajigwe, mke wa mzee wa kanisa, alipita akasimama:
"Umekata fedha ukapanda matumaini?"
Nikamjibu nimepanda mivengi.

Pasaka ya kwanza: dakika kumi na moja.
Nikaandika hivyo hivyo. Hesabu ya wakili haipambwi.
Pasaka ya pili: kumi na moja.
Pasaka hii nilimwachia Lusajo saa, nikashika ndoo.
Akahesabu kwa sauti, akapotea;
maji tukayanywesha mivengi, tukaanza upya.
"Kumi," akasema. "Kumi kasoro kidogo."
Nikamwambia hiyo kasoro kidogo nayo aiandike.

Ameandika. Mwandiko wake mbaya kuliko wa babu.
Chini pamebaki nafasi ya vidole vitatu,
kisha unageuza, na hapo Mathayo anaanza
kutaja majina, fulani akamzaa fulani, akamzaa fulani,
na wengi wao hatujui
walipanda nini.