Kipande Namba 47

Ndahani aliniletea chombo cha anga
kikiwa bapa:
karatasi sita za plaiwudi ya milimita tatu,
zimefungwa kwa kamba ya katani,
zinanuka moto uliopita haraka,
si moshi wa jikoni, si mkaa,
harufu ya mti uliosutwa na mwanga.

Yupo dukani Majengo, kwenye mashine ya leza,
anakata vikombe vya ligi, majina ya maharusi,
saa za ukutani zenye ramani ya nchi.
Usiku, umeme ukiwa na hisani,
mabaki ya mbao anayakata mabawa.
"Hakijaruka popote," alisema, "nimekiota tu.
Wewe ndiye mwenye mkono usiotetemeka."

Mkono huo ndio mshahara wangu.
Miaka kumi na mmoja nashika fimbo ya upimaji
kutoka Ihumwa mpaka Nala,
nimesimama wima katika mashamba ya uwele yaliyogeuka vitalu,
mpimaji ananichungulia, ananipungia:
kushoto kidogo, kushoto, hapo. Tulia.
Bikoni nilizozika za watu sizihesabu.
Mimi nimepanga chumba Nkuhungu.

Basi vipande vyenye namba havinitishi.
Kitalu A kiwiliwili, Kitalu B injini.
Nasukuma kwa dole gumba, tk, kinabanduka,
kingo nyeusi zinanipaka masizi,
napiga msasa
mpaka jino liingie tunduni kwa hiari yake.
Ukililazimisha, plaiwudi haigombi. Inapasuka.
Gundi nyeupe, tone kama punje ya ulezi,
kisha vibanio vya nguo vya mama mwenye nyumba,
ambaye shuka zake, siku ile,
zilipatikana kwa jirani wa tatu.

Namba 47 haikuwepo.
Tundu lake lipo, umbo la kwato,
pale anapokaa rubani.
Ndahani kwenye simu: "Labda umeme uliyumba."
Nikachonga kingine kutoka sanduku la zabibu,
ubao laini wenye maandishi ya bluu.
Zikabaki herufi tatu, DOM,
na rubani, akija, atazikalia.

Kisha rangi.
Mwezi wa nane Dodoma si mwezi wa rangi.
Mkono wa kwanza, kijivu: asubuhi nikakuta ngozi ya kenge.
Nikasugua.
Mkono wa pili nilifunga dirisha,
nikaziba chini ya mlango kwa shati la kazi.
Vumbi likaja kwa njia zake.
Mkono wa tatu nikasalimu amri,
nikawasha kurunzi, nikatazama:
lilikuwa limetua tumboni, kwenye mbavu za injini,
nyuma ya miguu ya kutulia,
palepale ambapo sayari kavu ingekichafua.
Brashi ya kufanya vile sijawahi kuwa nayo.

Yeriko wa mwenye nyumba, miaka tisa,
akaja na mkate mkononi.
"Kinakwenda wapi?"
"Mbali."
"Kama Manyoni?"
"Kupita Manyoni."
Akatafuna. Akakizunguka.
"Huko maji yanatoka siku gani?"

Nilikuwa nimeweka antena mbili, milango minne,
bunduki ya mwanga ambayo hata siijui ni ya nini.
Tangi, hakuna.

Kesho yake jioni nikachukua kichupa cha dawa ya macho,
nikakikata shingo, nikakizungushia uzi
ili kipate zile mbavu,
nikakipaka rangi nyeusi
na kukigandisha mgongoni kwa chombo.
Simtanki. Kwenye anga za mbali.

Ndahani alipokiona alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Halafu akanyamaza.
"Lita ngapi?"
"Elfu mbili."
"Na watu?"
Nikamwambia ahesabu madirisha.
Akaanza, kidole hewani, bila kugusa rangi,
moja, mbili,
na umeme ukakatika akiwa kwenye la tano.