Seli ya Kati

Betri haigongwi kama tikiti maji.
Namwambia hivyo kila kijana anayeipiga teke kwanza
kisha anauliza bei.
Betri huulizwa. Polepole. Seli baada ya seli.

Hii imeletwa na Mwalimu Wepukhulu
ndani ya gunia la sukari, ameipakata kwenye bodaboda
kutoka Misikhu hadi hapa Webuye
kama apelekaye mgonjwa asiyetaka kwenda.
Volti sita. Ya Voksiwageni mgongo wa kobe,
ile inayolala chini ya kiti cha nyuma,
gari la mwaka wa sitini na tatu.
Ganda jeusi, lami juu, vifuniko vitatu vya kusokota.
Za siku hizi zimezibwa midomo,
zina jicho moja la kijani, nalo hudanganya.

Natoa haidromita ya baba:
bomba la kioo, puto la mpira lenye ufa
niliouziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli.
Nabana, nazamisha, naachia.
Asidi inapanda, chelezo kinaamka ndani yake,
kinayumba, kinagusa kioo, kinatulia.
Baba alisema: inama mpaka jicho lilingane na maji,
asomaye amesimama husoma anachokitaka.

Nainama.
Ya kwanza, elfu moja mia mbili hamsini.
Ya tatu, mia mbili arobaini, si haba.
Ya kati,
chelezo kimezama mpaka shingoni.

"Labda ina kiu tu," asema Mwalimu.
"Selina alikuwa akiinywesha kila Jumamosi.
Maji ya mvua, akiyachuja kwa leso."

Alikuwa.
Nimesikia, na siulizi.

Basi nachukua uma:
meno mawili ya chuma, mpini wa mti,
na katikati utepe unaokula umeme.
Nakwangua lami mpaka risasi ing'ae,
nachomeka meno, nahesabu hadi kumi kwa Kibukusu,
maana kwa Kiswahili huwa nakimbia.
Ya kwanza, mshale unashuka kidogo, unashikilia.
Ya tatu vivyo hivyo.
Ya kati, mshale unaanguka kama mlevi mtaroni,
na tunduni asidi inachemka, inatoa povu
na ile harufu ya kiberiti inayokaa puani hadi jioni.

Anayesubiri hukumu hatazami mshale.
Mwalimu anatazama mikono yangu.

Ningeweza kumfurahisha. Wapo wanaofanya hivyo:
huchaji usiku kucha, asubuhi taa zinawaka,
pesa inaingia mfukoni, gari linafika darajani tu.
"Moja imekufa," nasema. "Mbili ni nzima.
Lakini zimefungwa mnyororo mmoja, Mwalimu,
na msafara huenda mwendo wa aliyechoka."

Anapangusa vumbi la ganda kwa kiganja,
pembe moja, halafu nyingine.
"Marehemu baba yako alikuwa akizifungua."

Alikuwa. Kisu cha moto, lami ikilegea,
mabamba yakitoka pamoja kama kurasa zilizolowa,
na katikati yao vibao vyembamba vya mwerezi.
Mimi nilishika taa.
Kisu sikuwahi kukishika.
Kalibu yake ya risasi iko chini ya kitanda changu,
imejaa misumari.

"Niachie," nasema. "Ila sijaahidi kitu."

Anaondoka kwa miguu, gunia limekunjwa kwapani.
Nanawa kwa magadi, yale yale ya kulainishia mrenda,
yanachachatika vidoleni, yanatulia.
Sketi imepata tundu jipya mahali fulani,
nitaliona kesho, asidi haina haraka.
Nachukua chaki, naandika kwenye ganda
kama alivyokuwa akiandika yeye:
1250, kistari, 1240.
Kile kistari nakirudia mara ya pili, kikolee.

Kisha naingia ndani, napiga magoti kando ya kitanda
na kuimwaga misumari sakafuni.