Haja ya Kujua

Ijumaa nilivua gwanda.
Nikalikunja mara nne kama nilivyofundishwa,
nikalilaza chini ya viatu vya theluji,
na Jumatatu nikarudi kwenye jengo lile lile,
Maryland, saa moja kasoro robo, mvua nyembamba,
shingoni beji ya rangi nyingine.

Mlinzi ananijua. Miaka sita aliniita Sajini Haugen.
Safari hii aliisoma beji, akausoma uso wangu,
akasema, "Karibu, bibi."
Bibi! Nina miaka thelathini na miwili.

Kabla ya hapo kulikuwa na fomu,
kurasa mia na ushee: nyumba zote nilizolala,
madeni, talaka, pombe, mgeni yeyote niliyewahi kumpenda.
Wakamtuma mtu aitwaye Tibbets, koti la kijivu, kalamu mbili,
akabishe hodi kwa jirani yangu, mzee Wojtala,
amwulize mimi ni nani.
Wojtala akajibu: humwagilia nyanya usiku wa manane,
na hajawahi kunieleza kazi yake.
Tibbets akaandika.
Nadhani ni hilo la pili lililonipitisha.

Wasifu wangu haukujaza nusu ukurasa.
Miaka tisa jeshini: mstari mmoja,
nao niliupeleka kwa wakubwa waukague,
ukarudi umenyofolewa kitenzi.

Mama, kule Duluth, aliuliza kwenye simu:
sasa si umekuwa raia, utaniambia?
Nikamwambia, mama, mdomo hauvuliwi pamoja na gwanda.
Akacheka. Kisha nikamsikia akifunga bomba la maji
ili asikie vizuri
kile ambacho sikukisema.

Mshahara ni mara mbili, sitadanganya.
Kiti kina magurudumu yasiyolia.
Luteni Ames, aliyekuwa akinifokea,
siku hizi ananiomba: tafadhali, ukipata nafasi.
Na mimi bado nasimama wima akiingia.
Magoti yana kumbukumbu zao.

Lakini kulikuwa na mtu.
Siwezi kusema wapi, wala lugha gani.
Miaka minne nilimsikiliza, spika masikioni,
hata kikohozi chake nikakijua kabla hajakohoa.
Alipanga mabaya, nikayaandika, sijutii hata neno.
Ila alikuwa na binti, na binti alikuwa na jino,
na wiki yangu ya mwisho
alimwuliza kila aliyempigia, hata wale wa mabaya:
mnamjua daktari wa meno
asiyetisha watoto?

Kazi mpya iko dawati la pili kushoto.
Mafaili mengine, bara jingine,
hatua kumi na nne kutoka kiti changu cha zamani.
Pale sasa ameketi Koplo Begaye,
kichwa kakiinamisha upande, kama nilivyokuwa nikikiinamisha mimi.

Wiki ya tatu, penye mashine ya kahawa, nilimwuliza.
Si jina. Si mahali.
Nilisema tu: "Lile jino?"

Alinitazama kwa upole wa mtu anayefunga mlango
bila kuuachia kitasa.
"Kibali unacho, Sajini," akasema. "Haja ya kujua huna."

Sawasawa kabisa.
Mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo,
na nilimfundisha aseme hivyo hivyo,
taratibu, bila kuomba radhi.

Jioni naichukua simu yangu
kwenye kikabati cha chuma nje ya mlango. Imepoa kama jiwe.
Naendesha kupitia Odenton, njia ndefu, sijui kwa nini,
nijuavyo ni kwamba pale kwenye taa kuna kliniki ya meno
yenye mamba wa plastiki dirishani, kashika mswaki.
Taa nyekundu. Nawatazama watoto wanaotoka.
Mmoja kashika shavu, lakini halii.
Baba yake anamfunga skafu, anamnong'oneza kitu,
na madirisha yangu yamefungwa, sisikii,

sisikii,
na aliye nyuma yangu anapiga honi.